Kuanza kusikiliza filimbi ya klasiki ukiwa mgeni kabisa: fuata pumzi

Watu wengi wakitaka kuanza kusikiliza filimbi ya klasiki wanaandika tu "muziki wa filimbi" kwenye simu, wanaletewa video ya masaa matatu yenye picha ya maporomoko ya maji, dakika ya kumi usingizi umeshawachukua, kesho yake wanasema aah huo muziki ni wa kulalia. Siwalaumu. Kwenye video nyingi za namna hiyo kinachosikika hata sio filimbi, ni kompyuta inaiga sauti ya filimbi, na kompyuta haipumui. Filimbi ni mtu anapumua. Ukishalisikia hilo vizuri mara moja tu, masikio yako hayarudi tena kule yalikotoka, na mwongozo huu wote nimeupanga kwa kulifuata hilo. Ni mpangilio uleule ambao ningempa mdogo wangu akiniuliza aanze na nini, iwe anataka kusikiliza tu au ndo kwanza amenunua filimbi na bado inamtolea upepo mtupu.

Hatua ya 1: Jua kwanza tunaongelea filimbi ipi

Naongelea ile ya chuma inayoshikwa kwa ubavu, inalala kuelekea bega la kulia la mpulizaji, urefu wake kama sentimita 67, imejaa vibonyezo. Sio ya refa, sio ile inayopulizwa kwa ncha kama wanavyofundishwa watoto shuleni, na sio yale matete yaliyofungwa pamoja. Zote hizo zina muziki wake mzuri lakini sio za leo.

Sasa kabla hujasikiliza chochote chukua chupa tupu, weka mdomo wa chupa chini ya mdomo wako wa chini, upulize hewa ikate juu ya tundu, usipulize ndani. Mara ya kwanza utapata upepo tu, geuza chupa kidogo kidogo mpaka iite. Umeshapiga filimbi hapo. Zumari na klarineti zina kijipande cha tete kinachotetemeka mdomoni, filimbi haina kitu kama hicho, kuna midomo yako na ukingo wa tundu basi, hewa inagonga ule ukingo inagawanyika, nyingine inaingia kwenye bomba nyingine inapotelea nje. Inapotea nyingi sana. Ndo maana mpuliza filimbi anaishiwa hewa mapema na inabidi apumue mara kwa mara, na ndo maana kila mtunzi anayejua kazi yake anapoandikia filimbi anaandikia mapafu ya mtu pia.

Kingine cha kujua: filimbi ya sasa ya okestra ilisanifiwa na Mjerumani Theobald Boehm mwaka 1847. Kabla yake zilikuwa za mbao zenye matundu ya kuziba kwa vidole na vibonyezo vichache. Watunzi kama Bach na Mozart waliandikia ile ya mbao, ndo maana mpaka leo filimbi ikiwa hata ya fedha tupu bado inahesabiwa kwenye familia ya ala za mbao. Hii itakusaidia mbele huko tukifika kwa wapigaji.

Hatua ya 2: Jifunze kutafuta kwa namba

Hapa ndo wengi wanakwama. Ukiandika "sonata ya filimbi Bach" utaletewa vitu ishirini, vingine vya baba, Johann Sebastian, vingine vya mwanae Carl Philipp Emanuel, vingine ni vya vayolini vimegeuzwa. Dawa yake ni namba za katalogi. Kazi za Bach zina namba inayoanza na BWV, za Mozart zina K (katalogi ya Köchel, ilitoka mara ya kwanza 1862), watunzi wengine wengi wanatumia op. yaani opus, maana yake kazi. Namba ni kama namba ya kitambulisho, ukiandika BWV 1067 unapata BWV 1067, huletewi ndugu yake.

Afu kazi nyingi ndefu zimegawanywa sehemu, na kwenye simu kila sehemu inakaa kama wimbo wake, imeandikwa kwa Kiitaliano. Allegro ni haraka ya kuchangamka, Andante ni mwendo wa kutembea, Adagio ni polepole, Presto ni mbio. Yatosha hayo kwa sasa.

Hatua ya 3: Namna ya kusikiliza

Vaa hedifoni. Spika ya simu inaua noti za chini na pumzi haisikiki kabisa, yaani unapoteza kilekile tunachokitafuta. Chagua kipande kimoja tu kwa siku, kisizidi dakika tano mwanzoni, na ukisikilize mara tatu mfululizo. Mara ya kwanza kaa tu, usitafute kitu. Mara ya pili jaribu kuimba nayo mdomoni bila kufungua midomo, hata ukikosea, ukishindwa mahali fulani utajua hapo noti zimeruka mbali. Mara ya tatu sikiliza mpulizaji anapumua wapi, na kila akipumua gonga meza kwa kidole. Basi. Ni dakika kumi na tano ambazo zitakufundisha kuliko kuacha pleilisti inalia siku nzima huku unafua.

Najua kuna watu watasema muziki sio mtihani, acha mtu asikie raha. Raha ndo inapatikana hivyo, mi nakwambia, kwa sababu muziki huu hauna maneno ya kukushika mkono, na kitu cha kwanza kinachoweza kukushika badala ya maneno ni ile pumzi.

Hatua ya 4: Anza na vifupi

Cha kwanza kabisa ni Badinerie ya Bach, sehemu ya mwisho ya BWV 1067. Ni dakika moja na nusu hivi. Jina lenyewe ni la Kifaransa, maana yake utani, na ukisikia tu utasema mbona naijua, ilikuwa mlio wa simu za zamani huko. Inaanza juu inashuka kama mtoto anashuka ngazi kwa kurukaruka, afu haisimami. Sikiliza mara moja ukifuata filimbi, afu rudia ukifuata ala za sauti nzito chini yake, utagundua zile nazo zinakimbia, sio kwamba zinasindikiza tu.

Siku ya pili nenda kwa Bizet, opera yake (mchezo wa jukwaani unaoimbwa) Carmen ya mwaka 1875. Huhitaji opera nzima, tafuta kipande cha okestra kinachopigwa kabla ya pazia la tendo la tatu kufunguka, kimeandikwa Entr'acte. Kinubi kinaanza peke yake, kinachezesha nyuzi taratibu, afu filimbi inaingia juu yake kimyakimya bila kujitangaza. Mistari yake ni mirefu. Hapa ndo mara ya kwanza utajiuliza huyu mtu hewa anaitoa wapi, na jibu ni kwamba anaibana, anaitoa kidogokidogo kama mtu anayemimina mafuta kwenye chupa yenye mdomo mwembamba. Baadae klarineti inaingia inajibizana na filimbi, tofauti ya sauti zao hapo iko wazi kabisa, klarineti ina giza na mviringo, filimbi ina hewa.

Siku ya tatu Gluck. Opera yake ya Orfeo ilitoka Vienna mwaka 1762, lakini alipoipeleka Paris mwaka 1774 akaongeza solo ya filimbi kwenye dansi ya roho zilizobarikiwa, itafute kwa jina la Ballet des ombres heureuses. Rekodi zingine zinaanza na minueti ya taratibu na solo iko katikati, usije ukazima mapema ukadhani umekosea. Orfeo ameshuka kuzimu kumfuata mkewe aliyekufa, na hiyo filimbi ndo anga ya pale alipofika. Ni huzuni ya mtu asiyelia kwa sauti. Mimi kipande hiki sikisikilizi nikiwa na haraka.

Kama una watoto ndani, au we mwenyewe unapenda ndege, kuna Volière ya Saint-Saëns kutoka kwenye Le carnaval des animaux ya 1886, ni kama dakika moja na robo ya filimbi inaruka huku na kule ndani ya tundu la ndege, kuna konserto (kazi ya mpigaji mmoja akiwa mbele ya okestra) ya Vivaldi op. 10 namba 3 inaitwa Il gardellino ambayo nayo ni jina la ndege, na kuna yule ndege wa Prokofiev kwenye hadithi ya Petro na mbwamwitu ya 1936. Vizuri vyote. Ila usikae sana kwa ndege, maana mtu akizoea kwamba filimbi ni ndege tu atashangaa akikutana na yanayofuata.

Hatua ya 5: Filimbi peke yake, bila mtu wa kuisindikiza

Hii ndo hatua ninayoipenda kuliko zote na ndo ninayoiona watu wanairuka.

Tafuta Syrinx ya Debussy, ya mwaka 1913. Filimbi moja tu, dakika kama tatu. Iliandikwa kwa ajili ya mchezo wa jukwaani na mpigaji alitakiwa awe nyuma ya pazia haonekani. Syrinx kwenye ngano za Wagiriki ni binti aliyekuwa anakimbizwa na Pan, yule mungu mwenye miguu ya mbuzi, akageuka matete kando ya mto, Pan akayakata matete akatengeneza ala ya kupuliza. Kwa hiyo anachokipuliza ni yeye huyo binti. Ukijua hilo utaelewa kwa nini muziki unaanza kana kwamba unauliza, unanyamaza, unauliza tena.

Mara ya kwanza kuisikiliza nilikuwa na hedifoni usiku, taa imezimwa, na kati ya mstari wa kwanza na wa pili nikasikia kitu kama kitambaa kinachanika haraka. Nikadhani rekodi ni mbovu. Nikarudisha nyuma, kipo. Nikatafuta rekodi ya mtu mwingine, na yeye kipo, ila mahali pengine kidogo na ni kirefu zaidi. Nikarudia tena na tena mpaka nikaelewa kwamba ni mtu anavuta hewa, yule mtu yupo pale mbele ya maikrofoni, ameishiwa, na muziki wote umesimama unamsubiri ajaze kifua. Tangu siku hiyo nikisikia rekodi ambayo mafundi wamefuta pumzi zote naona kama wamemfuta mpigaji mwenyewe. Sikiliza mwisho wake pia, inashuka mpaka kwenye noti ya chini karibu kabisa na mwisho wa uwezo wa filimbi, inafifia mpaka hujui imeisha saa ngapi.

Baada ya Syrinx nenda kwa Bach, Partita BWV 1013, sehemu ya kwanza Allemande. Hapa ni kinyume chake kabisa. Debussy anampa mpigaji nafasi ya kunyamaza, Bach hampi. Noti za haraka zilizo sawasawa zinatiririka kuanzia mwanzo hadi mwisho na karibu hakuna pa kupumulia, yaani mpigaji inabidi aibe. Chukua penseli na karatasi, weka alama kila anapoiba pumzi. Utaona anaiba baada ya noti fulani nzito, au kabla ya kuruka kwenda juu, anachelewesha kitu kidogo sana, pengine hata hujagundua. Afu mpate mpigaji mwingine uweke alama zake chini ya zile za kwanza. Hazitalingana. Zoezi hili moja limenifundisha muundo wa muziki wa Bach kuliko maelezo yoyote niliyowahi kusoma, kwa sababu pumzi inawekwa pale sentensi inapoisha, kwa hiyo ukijua wapi wanapumua umejua sentensi zinaisha wapi.

Na kuna Telemann, fantasia 12 za filimbi pekee, za miaka ya 1730, kila moja ni dakika chache tu kwa hiyo hazichoshi. Kinachofurahisha humo ni jinsi filimbi moja inavyojigeuza watu wawili, noti za juu zinasema, noti za chini zinajibu, na wote wawili wako kwenye kinywa kimoja. Anza na yoyote.

Hatua ya 6: Ingia kwenye okestra

Sasa uko tayari kwa Prélude à l'après-midi d'un faune, ya Debussy huyohuyo, dakika kama kumi. Ilipigwa mara ya kwanza Paris tarehe 22 Desemba 1894 na aliyepuliza ile filimbi ya mwanzo alikuwa kijana wa miaka 18 anaitwa Georges Barrère. Kumbuka jina lake, tutarudi kwake.

Okestra nzima imekaa imenyamaza na filimbi inaanza peke yake. Noti ile ya kwanza, do iliyopandishwa nusu, kwenye filimbi inapigwa vidole karibu vyote vikiwa vimeachia matundu, kwa hiyo bomba linalolia ni fupi na sauti inatoka kama ya mtu ambaye hajaamka vizuri, ina ukungu. Debussy angeweza kuchagua noti imara zaidi na hakuchagua. Kutoka hapo melodi inateleza chini kwa hatua ndogondogo, inapanda kurudi, inafanya vilevile mara ya pili, ndo inaenda mbele. Kuna wapigaji wanaojaribu kuumaliza mstari wote kwa pumzi moja, kuna wanaopumua katikati, na watu wa filimbi wanabishana juu ya hilo mpaka leo.

Kinachofuata sikiliza kwa makini: ala nyingine zinaitika, kinubi kinafagia nyuzi zake, baragumu zinaongea kidogo, afu kimya. Kimya kabisa, kimeandikwa humo kwenye noti. Mtu ambaye hajazoea anaangalia simu kama imezima. Usiguse. Ni kama okestra nayo inavuta hewa.

Kutoka hapo kazi yako ni moja tu, hesabu ile melodi ya mwanzo inarudi mara ngapi na kila ikirudi angalia kilichowekwa chini yake kimebadilika vipi. Mwanzo haina nguo, inayofuata imefunikwa na nyuzi, baadae inarudi kwa mwendo wa kunyoshwa. Melodi ileile, chumba tofauti.

Ukimaliza hiyo, Daphnis et Chloé ya Ravel ya 1912 ina solo ndefu ya filimbi kwenye sehemu ya Pantomime, ni ngumu na ni nzuri mno, na Boléro yake ya 1928 pia baada ya ngoma ndogo kuanza, anayeingia wa kwanza na melodi ni filimbi, kwa sauti ya chini sana. Watu wanasubiri kelele za mwishoni wanamsahau huyo wa mwanzo.

Hatua ya 7: Mozart, lakini sio kwa kuanzia mwanzo

Kwa nini nimemchelewesha Mozart? Kwa sababu wageni wengi wanatupwa moja kwa moja kwenye konserto ya K313, sehemu ya kwanza, wanasubiri filimbi na filimbi haiji, okestra inaongea karibu dakika nzima yenyewe, wanahisi wamefungua wimbo sio. Konserto za zama zile ndivyo zilivyo, okestra inaandaa ukumbi afu mgeni rasmi anaingia. Ukijua hivyo hutochoka kusubiri.

Mi naomba uanze na Adagio ya kwenye kwateti (kazi ya wapigaji wanne) ya filimbi K285, ambayo aliimaliza Desemba 1777 akiwa Mannheim. Ni dakika mbili na nusu mpaka tatu. Vayolini, viola na selo zote zinadonolewa kwa vidole tu, hakuna upinde, na juu yao filimbi inaimba mstari mmoja mrefu wa huzuni. Sababu nyuzi zinadonolewa, kila noti yao inakufa hapohapo, inayobaki hewani ni filimbi peke yake. Na haiishi, inafika mahali inaning'inia kama swali, afu Rondo, yaani sehemu ya mwisho, yenye furaha inaingia bila kubisha hodi, kwa hiyo weka zote mbili zifuatane.

Halafu konserto ya filimbi na kinubi, K299, ya 1778, aliyomwandikia kabaila mmoja wa Paris aliyekuwa anapiga filimbi na binti yake anapiga kinubi. Sehemu ya katikati, Andantino, ndo moyo wake. Ndo uje kwenye konserto ya K314, ambayo aliitoa kwenye konserto yake ya zumari. Subiri filimbi iingie: inapanda haraka, inashika noti moja ya juu na kuing'ang'ania huku okestra yote inacheza chini yake, pima mwenyewe kwa kubana pumzi yako wakati anaishika.

Jambo moja watu wanapenda kulirudia, kwamba Mozart hakuipenda filimbi. Ni kweli Februari 1778 alimwandikia baba yake kwamba akilazimika kuandikia ala asiyoipenda anaishiwa nguvu. Alikuwa na oda ya mtu na alikuwa amechelewa kuimaliza. Sikiliza ile Adagio afu uamue uamini barua au uamini muziki, mi naamini muziki.

Hatua ya 8: Filimbi na piano

Hapa karibu njia zote zinapita Paris. Konsavatwari ya pale, yaani chuo cha muziki, ilikuwa na utaratibu wa kuagiza kipande kipya kwa ajili ya mtihani wa wanafunzi wa filimbi, na vitu vikubwa vikazaliwa hivyo: Fantaisie ya Fauré op. 79 mwaka 1898, na Concertino ya Cécile Chaminade op. 107 mwaka 1902, vyote viwili vimetolewa kwa heshima ya mwalimu wa filimbi wa pale, Paul Taffanel. Ukisikiliza Fauré utaona kabisa ni mtihani: nusu ya kwanza ya taratibu inapima pumzi, nusu ya pili inapima vidole. Chaminade ana melodi ya ufunguzi pana, ya kuimbika, ukiisikia asubuhi utakuwa nayo mpaka jioni.

Lakini kama ni moja tu utachagua kwenye hatua hii, chukua sonata ya Poulenc ya 1957, dakika kama kumi na mbili. Ilipigwa mara ya kwanza Strasbourg, filimbi Jean-Pierre Rampal, piano Poulenc mwenyewe. Sehemu ya kwanza ina huzuni inayotabasamu, ya tatu inakimbia kama mtu kasikia basi linaondoka, na katikati kuna Cantilena. Hiyo Cantilena isikilize peke yake wiki nzima ukitaka. Piano inapiga noti zake taratibu kama mtu anatembea bila kuinua kichwa na filimbi juu yake inanyosha, inanyosha, inafika juu inapiga kelele kidogo, inarudi chini. Kuna mahali unahisi hewa imebaki ya kijiko tu na bado mstari haujaisha.

Hatua ya 9: Kipande kimoja, watu watatu

Chagua ulichokipenda kuliko vyote mpaka sasa, kitafute kwa wapigaji watatu. Rampal, Mfaransa aliyefariki 2000, sauti yake inang'aa na ina furaha hata kwenye huzuni. James Galway wa Belfast, aliyekuwa filimbi ya kwanza ya okestra ya Berliner Philharmoniker mwaka 1969 hadi 1975, sauti yake ni nene na inatetemeka kwa upana, unaijua ndani ya sekunde tano. Emmanuel Pahud, aliyezaliwa Geneva 1970 na yeye akawa filimbi ya kwanza hapohapo Berlin, ananyumbulika zaidi, anaweza kupiga kwa sauti ndogo mpaka unasogeza kichwa. Na kwa Bach na Telemann lazima umsikie Mbelgiji Barthold Kuijken kwenye filimbi ya mbao ya zamani inayoitwa traverso, ndo ile niliyoitaja mwanzoni kabla ya Boehm. Haina sauti kubwa, noti zake hazilingani uzito, zingine zimefifia zingine zina mwanga, na ghafla unaelewa kwamba Bach alikuwa anazijua hizo noti dhaifu na akaziweka makusudi. Kwa mimi BWV 1013 ya kwenye mbao inaizidi ya kwenye chuma. Wenzangu wengi hawakubaliani na mimi na hiyo ni sawa.

Kwenye hatua hii ndo unaweza pia kugusa Density 21.5 ya Varèse, ya 1936, filimbi moja, dakika kama nne. Iliandikwa kwa ajili ya filimbi ya platinamu ya Georges Barrère, yuleyule kijana wa 1894, sasa mtu mzima yuko Marekani, na namba hiyo kwenye jina ni uzito wa platinamu, gramu 21.5 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Kuna mahali mpigaji anagonga vibonyezo visikike kama ngoma. Sio laini. Ukiisikiliza mapema utakimbia, ila ukiwa umeshapita Syrinx na Bach utasikia kwamba ni swali lilelile la pumzi, ila safari hii anayeuliza ana hasira.

Hatua ya 10: Kama na wewe unapuliza

Hii ni kwa waliokwisha kushika filimbi tu. Chukua noti za kipande unachojifunza, hata kama ni kile kidogo kabisa cha kitabu cha kwanza, tafuta rekodi yake, sikiliza bila kupuliza siku mbili. Kila mpigaji anapovuta hewa weka alama ya mkato juu ya mstari kwa penseli, ndo alama ya pumzi inavyoandikwa. Tumia penseli kweli, usitumie kalamu, kwa sababu mapafu yako sio yake na alama zingine utazifuta. Afu imba kipande chote kwa mdomo ukipumua kwenye hizo alama tu. Ukikatikia njiani kabla hujaifikia alama, ongeza moja pale sentensi inapokubali, usiongeze katikati ya neno. Ndo sasa uchukue filimbi.

Na usijaribu kuiga mtetemo wa Galway wiki ya kwanza, wanafunzi wengi wanaanza na huo wanaishia kutetemesha koo. Kama kuna cha kuiga mapema iga namna anavyomaliza noti. Wengi tunaanza noti vizuri afu tunaiacha ianguke mwishoni kama mlango usiofungwa, sauti inashuka inakuwa chini ya piano. Wasikilize wale watatu wanavyomaliza noti ya mwisho ya kipande chochote, hewa inapungua lakini mkondo wake unazidi kuwa mwembamba na kasi haishuki, midomo inafanya kazi mpaka sekunde ya mwisho, noti inaisha ikiwa juu bado. Rudia hapo tu, sekunde tatu za mwisho, mara kumi, ishirini, afu jaribu na chupa yako ile ya hatua ya kwanza.